Walimu tupeane uzoefu: tangu vishikwambi na simu viingie darasani, kazi yako imebadilikaje?

Habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Historia sekondari, Tabora. Zamani nusu ya kipindi ilikwenda kwenye notisi: naandika ubaoni, wananakili, kengele inalia. Baada ya sensa ya 2022 vishikwambi vya makarani vikagawiwa walimu, vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) nikawa navyo mkononi. Notisi sasa zinatolewa kopi stesheneri, na muda uliobaki ni wa kuuliza na kubishana. Juzi kipindi kizima kiliishia kwenye swali moja: kwa nini Wahehe hawakuingia Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani? Wengine wakasema walishachoshwa na vita vya chifu wao Mkwawa, wengine wakakataa kabisa. Kwangu ualimu umekuwa mgumu zaidi, na mzuri zaidi. Nyie je? Naomba mifano ya darasani kwako, nadharia tunazo.

Mwl. wa Kemia, shule ya kata, Singida:
Asante kwa mada. Kwetu jengo la maabara lipo, vifaa ndiyo shida. Kwa hiyo titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi igeuke, huanza kwa video. Naisimamisha kabla rangi haijageuka kutoka njano, nauliza: yakidondoka matone mawili zaidi itakuwaje? Kila mtu anaandika jibu lake kwanza. Halafu wanakuja kwenye bureti yetu, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea, wawili wawili, na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Video haimwoni mtoto anayesoma bureti kwa juu badala ya kuinama macho yawe usawa wa kimiminika. Mimi namwona, namshika bega, anainama, anasoma upya.

Mwl. wa msingi, Mbeya:
Samahani, mimi natofautiana kidogo. Darasa la pili, watoto wamepita mia, kishikwambi ni kimoja, changu, na bando nanunua mwenyewe. Kimenisaidia kwenye maandalio ya somo na kujaza taarifa. Darasani bado ni mimi, chaki na vizibo vya soda vya kuhesabia. Mtoto wa miaka saba anataka mtu wa kumwelekeza mkono kwenye kalamu.

Mwl. wa Kiswahili, Kilifi:
Huku Kenya changamoto yetu kubwa ni akili unde (AI). Mwanafunzi alinipa insha safi, haina kosa hata moja. Nikamwambia, hebu nisimulie kisa hiki bila karatasi. Akainamisha kichwa. Sikumwadhibu, nilibadilisha utaratibu. Rasimu ya kwanza huandikwa darasani kwa kalamu, kisha mwandishi anasimama mbele kusimulia na wenzake wanamhoji. Ijumaa tunageuza: naleta insha ya mashine, wao wanasahihisha kwa kalamu nyekundu. Wana jicho kali! Methali iliyopachikwa pasipo mahali pake wanaigundua upesi kuliko nilivyotarajia. Sasa nasikiliza watoto kuliko ninavyosahihisha madaftari, na nimewafahamu zaidi.

Mleta mada:
Mwalimu wa Kilifi, hiyo ya Ijumaa naichukua. Wa Mbeya, nimekuelewa, watoto mia ni mzigo mwingine kabisa. Wa Singida, hizo video unazipataje na mtandao wa huko?

Mwl. wa Kemia, Singida:
Jumamosi nikienda mjini napakua zote za wiki, naweka kwenye memori kadi. Umeme ukikatika projekta inalala, kishikwambi kinazungushwa kwa makundi ya watu sita sita. Chaji nahakikisha imejaa usiku.