MTS za harusi kwenda MP4: HandBrake, Format Factory, VLC au ffmpeg?

KameraNyegezi: Wakuu habari za jioni. Napiga video za harusi na sendofu hapa Mwanza, kamera inatoa MTS, mafaili makubwa balaa. Mteja wangu wa Ukerewe anataka kila kitu kwenye flashi aangalie kwenye tivii na vipande vingine awarushie ndugu WhatsApp, sasa kila ninayemuuliza anasifia programu yake. Laptopu ni i5 ya zamani, ramu 8, na umeme wa huku mnaujua. Nichukue ipi?

FundiIgoma: HandBrake mkuu, mjadala umeisha. Ya bure, haina matangazo, unatupia faili unachagua Fast 1080p30, hiyo RF 22, namba ya ubora, usiiguse. Ukishusha namba ubora unapanda na faili linanenepa.

Sangara_Kirumba: Taratibu fundi. MTS za kamera hizi ndani mara nyingi picha tayari imebanwa kwa H.264, na mp4 inabeba H.264 hiyohiyo, sasa unarenda, yaani unaibana picha upya, ya nini? Ukiwatoa dagaa kwenye gunia ukawaweka kwenye ndoo hujawakaanga. HandBrake haijui kuhamisha tu, yenyewe lazima ikaange. ffmpeg, ile ya kuandika amri, inajua:

ffmpeg -i harusi.mts -c:v copy -c:a aac harusi.mp4

Picha inabaki ilivyo, inabadilishwa sauti tu, maana kamera hizo nyingi zinarekodi sauti ya AC-3 na kuna simu kibao zitakuonyesha picha bila sauti. Dakika chache kazi imekwisha, ubora haujapungua hata kidogo, na umeme ukikatika hujapoteza usiku mzima.

FundiIgoma: Haya, na kama imerekodi 1080i, ile ya mistari inayopishana (interlaced)? Utakopi na mistari yake, bibi harusi akigeuka tu kingo zote zimechanikachanika. Hapo huna ujanja, unarenda. HandBrake nenda Filters washa Deinterlace, inaondoa hiyo mistari.

Sangara_Kirumba: Hilo nakubali. Basi aifungue kwanza na MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za faili, aangalie Scan type, ikisema Progressive (haina mistari) akopi, ikisema Interlaced aje kwako.

DadaMuvi_Makoroboi: Mnabishana hapa hata hamjamuuliza tivii ya mteja ni ipi 😂 Mimi naingiza muvi kwenye flashi, wateja wa visiwani na mialoni wapo bado na deki za zamani, ukimpa mp4 inamwandikia haisomi, anakurudia na hasira na nauli anakudai. Hao nawapa AVI ya Xvid, aina ya zamani ya faili, saizi isizidi 720x576. Kwenye HandBrake msiitafute, AVI waliitoa toka toleo la 0.9.4 mwaka 2009. Natumia Format Factory, hiyo inakubali karibu kila kitu na inaunga vipande pia, ila wakati wa kuinstall soma kila ukurasa, ukienda next next utaingiza na takataka. Halafu flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalofika gb 4, na deki hizo ukiifomati NTFS nyingi haziioni kabisa, kwa hiyo kata part one, part two.

Mwanafunzi_Malimbe: VLC je? Si kila mtu anayo tayari. Au zile tovuti za kukonvati?

Sangara_Kirumba: VLC inaweza, Media halafu Convert/Save, kwa klipu fupi sawa ila kwa harusi nzima mimi siiamini. Tovuti, kupandisha gb 10 halafu uzishushe tena, bando la nani hilo? Na harusi ya watu unaipeleka kwenye seva ya nani?

KameraNyegezi: Asanteni sana. MediaInfo inasema Interlaced. Mteja nimempigia, tivii yake ni flati mpya, mp4 inasoma. Basi HandBrake, dada nawe nimekusikia kuhusu gb 4. Nimeona humo kuna H.265, mpya kuliko H.264, wanasema faili linakuwa dogo, niweke hiyo?

FundiIgoma: Kwa i5 hiyo utarenda mpaka kesho kutwa, na simu za wajomba huko zitakwama. Baki H.264. Za WhatsApp kata dakika mbili tatu weka 720p.

DadaMuvi_Makoroboi: Na MTS usizifute mpaka mteja aangalie mpaka mwisho, sio aone maharusi wanaingia ukumbini akasema iko poa.