Kiatu cha shule cha Zai

*Mama Zai:* Shikamooni. Zai ametengenezewa vyuma vya mguu wa kulia, vile vyenye ncha za mviringo zinazoingia kwenye kisigino cha kiatu. Wanataka kiatu chake mwenyewe. Nipeleke kipi?

*Mjomba Salehe (karakana ya viungo):* Marahaba. Cha ngozi, cha kamba, kinachofunguka hadi karibu na vidole. Cha kuchomeka usinunue: mguu uliopooza haujisukumi ndani, vidole vinakunjamana humo na mtu hajui. Kisigino kiwe kifupi na kipana.

*Babu Fundi Viatu:* Na ukigeuze kabla hujalipa. Kigonge kisigino. Viatu vingi vya shule vina uwazi ndani, kama sega la nyuki. Hapo bomba, lile linalopita kisiginoni na kupokea ncha za vyuma, halina cha kushika, wiki mbili tu linacheza.

*Mama Zai:* 📷 Hiki kinalia kama debe.

*Babu Fundi Viatu:* Kinatengenezeka. Kisigino chote kinakatwa, kinajengwa kipya kwa mpira mgumu, tabaka juu ya tabaka, gundi pande zote mbili, na misumari ipigwe kutokea ndani. Ndipo unatoboa upande hadi upande na kuingiza bomba kwa kubana, lisizunguke. Urefu wake uwe sawasawa na upana wa kisigino. Likitokeza linamkwaruza mguu wa pili; likiwa fupi, ncha ya chuma inaula mpira.

*Mjomba Salehe:* Ila Babu, usitoboe bila mtoto kuwepo. Asimame goti likitazama mbele, wayo uachwe utazame nje kidogo kama ulivyo, ndipo upige mstari. Bomba lifuate goti, lisifuate kiatu. Ukilinyoosha kwa kiatu, vyuma vinajisokota vikichomekwa na kimoja kinalalia mfupa wa kifundo. Pale uache mwanya wa milimita 5 hivi.

*Babu Fundi Viatu:* Sawa kabisa. Aje naye.

*Dada Mwanaidi:* Mbona mkanda wa shavu la mguu unapanda na kushuka mtu akitembea na vyuma hivi?

*Mjomba Salehe:* Kifundo chake kinapinda juu, chuma kinapinda kule chini kisiginoni. Vituo viwili tofauti, lazima mkanda uteleze. Kidogo ni kawaida kwa chuma cha aina hii. Ukianza kuchubua, aombe cha kikuku: bamba linapigwa ripiti chini ya kiatu, bawaba inakaa usawa wa kifundo.

*Babu Fundi Viatu:* Kwa kikuku, vichwa vya ripiti viwe bapa, vizame, halafu soli ya ndani ifunike. Raba za michezo zenye soli ya povu hazifai, ripiti zinachomoka na kipande chake.

*Mama Zai:* Kwa hiyo nilete hicho cha kulia tu?

*Mjomba Salehe:* Vyote viwili! Kisigino kipya kikizidi kimo cha zamani, goti linasukumwa mbele, na nyonga zinakaa mshazari kama cha kushoto hakikupandishwa vilevile. Babu, pima vyote kwa rula.

*Babu Fundi Viatu:* Nitapima. Kesho saa tatu asubuhi, aje na soksi zake za shule, zile nene.

*Mjomba Salehe:* Akishavaa, Mama Zai, atembee nusu saa, uvue, uangalie ngozi ya kifundo na kisigino. Wekundu usiopotea kwa dakika 20, asivae tena mpaka nimuone. Na kila asubuhi pitisha mkono ndani ya kiatu utafute msumari uliochomoza.

*Mama Zai:* Asanteni sana. Saa tatu tuko hapo.