Mtungi mmoja wa kaboni, matangi matatu ya mimea: nigawe vipi?

Kijani_Tupu
Habari zenu wadau. Nina matangi matatu ya samaki na mimea: la lita 120, la lita 60, na kitangi cha lita 25 cha uduvi. Lile kubwa lina mtungi wa kaboni dayoksaidi wa kilo 5, regyuleta (kipunguza mgandamizo) yenye valvu ya umeme ya kufungua na kufunga gesi, na valvu moja ya sindano ya kupima gesi kidogo kidogo. Mimea yake inajaa hadi juu. Haya mengine mawili yamedumaa, nayaangalia tu.

Sitaki kununua mitungi mingine. Nimewaza nikate mrija baada ya valvu ya sindano, nitie kiungo cha T, kisha T ya pili, gesi iende kote. Kitangi cha uduvi kiko ng'ambo ya chumba, mrija utakuwa wa mita 5 hivi. Gesi itafika? Itagawanyika sawa? Naomba ushauri wenu.

Jani_Bichi
Itafika mkuu, mita 5 si kitu. Mimi nina T na matangi mawili, yote yanatoa viputo. Usijitie gharama za bure.

FundiMirija
Jani_Bichi, kwako inakubali kwa kuwa pengine difyuza zako (vile vifaa vya kuvunja gesi kuwa viputo majini) zinafanana na zimezama kina kimoja. Subiri moja ishike mwani, iwe nzito kupitisha gesi, uone mwenzake atakavyobeba zote.

Gesi ikishapita valvu ya sindano haina wa kuigawa tena. Inafuata palipolegea. Difyuza nyingine za kauri zinadai mgandamizo wa zaidi ya bar 1 kabla hazijatoa hata kiputo kimoja, nyingine zinaachia mapema. Kwa hiyo Kijani_Tupu, ukipanga kama ulivyosema, huenda lita 120 ikakosa gesi kabisa na ile ya lita 25 ikapokea mgawo wa matangi yote. Gesi ikizidi inaua, uduvi wako hawatakusubiri urudi nyumbani.

Ila T yenyewe haina kosa, tatizo ni mahali unapotaka kuiweka. Igawe gesi KABLA ya valvu za sindano. Fungua valvu yako pale ilipokazwa kwenye valvu ya umeme, weka hapo kigawio chenye matundu matatu (au hizo T zako), halafu kila tangi lipate valvu yake ya sindano. Regyuleta iwe kwenye bar 2 hivi, ibaki hapo. Mgao hapo unaamuliwa na valvu, difyuza haina tena sauti kubwa. Bado ukigusa valvu moja nyingine zinaweza kucheza kidogo, basi rekebisha, subiri zitulie, zungukia tena.

Kama valvu yako imeungana na mwili wa regyuleta na haifunguki, iachie wazi kabisa iwe njia tu, ugawe baada yake.

Mrija: chukua wa poliyurethani. Ule laini wa silikoni wa pampu ya hewa unavujisha kaboni kupitia kuta zake, tena kwa bar 2 unaweza kuchomoka. Kwa kitangi cha mbali, peleka gesi ikiwa na mgandamizo wake wote hadi kando ya tangi na valvu ya sindano uifunge hukohuko. Ukiifunga huku kwenye mtungi, kila asubuhi utangoja mrija wote wa mita 5 ujae kwanza kiputo kiputo. Ukimaliza, paka maji ya sabuni kila kiungo. Panapotoa povu panavuja.

Kijani_Tupu
Asante sana fundi, nimeelewa. Je, valvu za njia moja, zile za kuzuia maji yasirudi mrijani, lazima ziwe tatu, au moja pale kwenye kigawio inatosha?

FundiMirija
Tatu, kila mrija na yake, karibu na tangi. Gesi ikizimwa usiku, iliyobaki kwenye mrija inayeyuka majini na maji yanavutwa juu. Ukiwa na valvu moja tu nyuma ya kigawio, mirija yote inawasiliana: tangi la juu linaweza kumwagikia la chini hadi sakafuni, na ugonjwa wa samaki nao ukapita humo. Chuma ni bora kuliko plastiki.

MamaUduvi
Naongezea kwa upande wa uduvi. Usihesabu viputo ukalinganisha tangi na tangi, maana kila kihesabu viputo kinatoa kiputo cha ukubwa wake. Weka kipima rangi ndani ya kila tangi, kile chenye bromothimoli (dawa inayobadilika rangi kadiri gesi inavyoongezeka) na maji ya ugumu wa kaboneti wa digrii 4. Bluu maana yake gesi haitoshi, kijani ni kama miligramu 30 kwa lita, njano imezidi. Kinachelewa saa moja mpaka mbili, kwa hiyo usigeuze valvu kila baada ya dakika kumi kwa papara.

Kitangi cha uduvi mimi ningekiacha kwenye bluu inayoelekea kijani. Mimea kama mosi na anubiasi haihitaji zaidi ya hapo.

Kijani_Tupu
Sawa mama. Jambo jingine, taa za matangi haya haziwaki wakati mmoja. Ninunue valvu ya umeme kwa kila tangi?

MamaUduvi
Ya nini? Sogeza taa. Zote ziwake pamoja, taima moja iwashe gesi saa moja au mbili kabla ya taa na kuizima saa moja kabla hazijazimwa. Samaki hawajali ratiba yako ya zamani.

Jani_Bichi
Nami nahama na T yangu basi 😂. Swali: regyuleta yangu ina geji mbili, hiyo ndiyo ya hatua mbili wanayosifia?

FundiMirija
Hapana, watu wengi wanachanganya hapo. Geji moja inasoma mtungi, nyingine inasoma mgandamizo unaotoka. Hatua ni za ndani, gesi inapunguzwa mara moja au mara mbili. Ya hatua moja, mtungi ukikaribia kuisha, mgandamizo unaotoka hupanda, na kwa mtandao wa matangi matatu hilo linawapiga samaki wote kwa pamoja.

Na usitegemee geji ya mtungi ikuonye mapema. Maadamu ndani kuna kaboni iliyo katika hali ya kimiminika, itakaa kwenye bar 57 hivi kwa nyuzi 20, uwe umejaa au umebaki nusu. Pima kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni. Ikibaki nusu kilo juu ya hapo, funga upeleke kujaza.