Naomba ushauri: penne, spageti na fusilli, kila moja lipewe sosi gani?

Mleta uzi
Habari za jioni, wanajamvi. Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo tambi zilikaangwa kwanza kwa samli, kisha zikatiwa tui la nazi, sukari na iliki hadi zikauke, na kwa miaka mingi sikujua upishi mwingine. Mwezi uliopita nilinunua pakiti tatu, yaani spageti, penne zile fupi zenye tundu kama mrija, na fusilli zile zilizosokotwa kama skrubu, nikakusudia kuipikia familia yangu chakula cha chumvi. Nyama ya kusaga ilikolea vizuri kwa nyanya, karoti na kitunguu saumu, lakini spageti zilifika mdomoni karibu tupu, na nyama yote ikabaki chini ya sahani hadi watoto wakaimalizia kwa kijiko. Penne nazo ziligandana na kulainika mno, ingawa nilitia mafuta katika maji ya kuchemshia. Je, maumbo haya ni pambo tu, au kila umbo lina sosi yake? Na kosa langu la kuchemsha ni lipi?

Mpishi wa Hoteli
Ndugu mleta uzi, nianze na sufuria, kwa sababu naona umezipika penne kwa desturi ya tambi za nazi. Tambi hunywa maji yote zilizotiliwa, ilhali penne zinahitaji maji mengi ya kuogelea: kwa kila gramu 100 weka lita 1 ya maji na chumvi isiyozidi gramu 10, nayo maji yachemke kwa nguvu kabla hujazimimina. Koroga hasa katika dakika 2 za mwanzo, maana hapo ndipo wanga wa juu unapolainika na kuzigandisha. Mafuta hayakusaidii, kwani huelea juu ya maji, na yale yatakayozipata wakati wa kuchuja yataifanya sosi iteleze badala ya kushika.

Anza kuonja dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ing'ate penne moja katikati, kisha uitazame: ukiona mstari mwembamba mweupe ndani ya ukuta wake, haijaiva kabisa, na huo ndio wakati wa kuiepua ikamalizie kuiva ndani ya sosi. Usizisuuze kwa maji baridi. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha yale maji yenye wanga, uyatie kidogo kidogo katika sosi unapochanganya kwenye kikaango, nawe utaona mafuta na nyanya vikishikana na kuwa rojo moja linalong'aa.

Mkaazi wa Bologna
Maumbo si pambo hata kidogo. Hapa Bologna, Italia, ninapoishi, sosi ya nyama ya kusaga huliwa na tagliatelle, ambazo ni kanda bapa za unga na mayai, wala wenyeji hawaipakulii juu ya spageti. Jambo hili wanalichukulia kwa uzito, hata mwaka 1972 kipimo cha tagliatelle kiliwekwa rasmi katika chemba ya biashara ya mji huu, kwamba ikishaiva iwe na upana wa milimita 8. Sababu yake unaiona kwenye uma: utepe mpana wenye uso wa kukwaruza hubeba chembe za nyama, lakini spageti ni mviringo na laini, kwa hiyo nyama haina pa kushika.

Nyama yako ipe penne zenye mifereji, au rigatoni ambazo ni pana zaidi, kwa kuwa chembe zitaingia hata ndani ya tundu. Spageti zinapenda sosi nyepesi inayozizunguka zote, kama mafuta ya zeituni yaliyokaangiwa kitunguu saumu na pilipili, au nyanya tupu zilizopondwa. Fusilli nazo hushika pesto, yaani sosi ya majani ya rehani yaliyopondwa kwa mafuta ya zeituni, katika mizunguko yake. Kule Liguria, mkoa wa Italia ulio nyumbani kwa pesto, hutumia trofie, vijiti vifupi vilivyosokotwa kwa mkono, na mara nyingi huchemsha humo humo viazi na maharagwe machanga ya kijani.

Jiko la Eastleigh
Namheshimu ndugu wa Bologna, lakini sikubali kwamba spageti na nyama haviwezi kukaa pamoja. Majirani zangu Wasomali hapa Nairobi hupika baasto, yaani pasta, kwa suugo, sosi yao ya nyama, upishi uliotokana na enzi ya Waitaliano kule Somalia, wakautia bizari zao wenyewe na kuula pamoja na ndizi mbivu. Siri yake ni kuiponda nyama kwa mwiko tangu inapoanza kukaangwa ili isifanye mabonge, kuiacha nyanya ikauke hadi mafuta yajitenge, kisha kuchanganya yote sufuriani kabla ya kupakua. Mleta uzi, nadhani wewe uliimwaga nyama juu ya spageti zilizokwisha kupoa.

Mleta uzi
Ni kweli, niliimwaga juu. Jana nimepika penne kwa maji mengi, nikazimalizia kwenye kikaango na maji yake, na nilipoipasua moja kwa uma nilikuta nyama imejaa ndani. Nawashukuru sana. Sasa nina kamba nusu kilo na tui zito: je, niwapikie fusilli au spageti?

Mpishi wa Hoteli
Tumia spageti. Kaanga kamba kwa kitunguu saumu, uwatoe mara wanapogeuka rangi ili wasiwe wagumu, ndipo uchemshe tui kwa moto mdogo huku ukikoroga lisikatike. Tia spageti zikiwa bado na ugumu kidogo, na zikishalinywa tui kiasi, rudisha kamba na ukamulie ndimu baada ya kuepua. Jibini usitie.