Mrejesho: mchungaji niliyetaka kuacha huduma

Shalom wapendwa. Mimi ndiye niliyewauliza kama kuichoka huduma ni dhambi. Nilikuwa nahubiri huku moyoni sisikii kitu. Simu ya usiku ikiita, naitazama tu.

Mlinishauri nisome 1 Wafalme 19. Nabii Eliya anaomba kufa chini ya mti wa mretemu, na malaika hamkemei: anamwamsha ale mkate, anywe maji, kisha Eliya analala tena. Nililia. Mwaka mzima nilikuwa najikemea.

Nikawaambia wazee wa kanisa ukweli. Mzee mmoja akanishika mkono: "Mchungaji, tulikuona unakonda, tukadhani umefunga." Wakanipa likizo ya wiki sita. Hospitali presha ikaonekana iko juu, nimeanza dawa. Misiba na wagonjwa sasa tunakwenda kwa zamu, kama Yethro alivyomshauri mkwewe Musa agawane mzigo wa kazi na wengine, na Jumatatu simu anabaki nayo katibu wa usharika.

Usingizi umerudi. Kuhubiri bado nakuogopa kidogo. Jumapili iliyopita niliongoza ibada ya kwanza tu, nikarudi nyumbani nikala ugali na wanangu ukiwa bado wa moto.

Dada uliyesisitiza nimwone daktari, Mungu akubariki sana.