Naombeni ushauri: nitolewe kizazi kwa matundu madogo au nipasuliwe tumbo?

MamaWawili_Houston:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi. Jambo hili nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, usingizi hauji, nikaona nililete hapa.

Nina miaka 48, naishi Houston. Nina uvimbe kwenye kizazi, haya mayoma, tangu nikiwa Dar. Nilikuwa navumilia. Mwaka huu damu imezidi: siku tisa, siku kumi, pedi ya usiku inajaa kabla sijamaliza zamu. Wingi wa damu umeshuka hadi 7. Ultrasaundi imeonyesha kizazi kimekuwa kikubwa kama cha mimba ya miezi minne. Daktari kasema kitolewe chote, na watoto ninao wawili, kwa hilo sibishi. Anataka kutumia matundu madogo: nilale hospitali usiku mmoja, na baada ya wiki mbili niwe sawa.

Nilifurahi, maana natunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, nisipoingia kazini silipwi, na kuna ada ya mtoto Morogoro inanitazama mimi. Sasa nilipopewa fomu nisaini, nikakuta imeandikwa kwamba kizazi kitakatwa vipande ndani ya kifuko, kwa sababu ikiwa kuna saratani isiyojulikana inaweza kutawanyika tumboni. Nikauliza, saratani ipi tena? Akanijibu ni nadra sana, nisiogope, akaangalia saa yake.

Ni kweli mayoma ya kawaida yanaweza kuwa na saratani ambayo hakuna aliyeiona? Mngekuwa ninyi mngechagua kipi? Upasuaji ni mwezi ujao.

Kipepeo77:
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilipasuliwa tumbo Dar mwaka 2009, enzi hizo hata habari ya matundu sikuwahi kuisikia. Wiki sita sikuinua ndoo, mama mkwe ndiye aliyekuwa akinipikia. Kovu liko chini ya mstari wa nguo, wala halionekani. Sijutii. Ila hilo la saratani ni geni kwangu, ngoja waje wanaojua.

MitiShamba_Asilia:
Usikubali kisu dada. Kuna mizizi, siku 21 tu uvimbe unayeyuka wenyewe. Njoo inbox.

Nesi_wa_Zamu:
MamaWawili, pole. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi, naomba nikueleze kwa utaratibu. Na wewe wa mizizi, mtu ana damu 7 na unamwambia asubiri siku 21? Tafadhali.

Kwanza tuondoe hofu moja: mayoma kwa kawaida hayageuki kuwa saratani. Tatizo ni kwamba ipo saratani ya msuli wa kizazi, sarkoma, ambayo tangu mwanzo inajifanya mayoma. Kwenye ultrasaundi zinafanana. Kipimo cha picha cha MRI kinaweza kuitilia shaka lakini hakiwezi kukuhakikishia haipo. Kinyama kinachochukuliwa ndani ya kizazi kinaonyesha vizuri saratani ya ukuta wa ndani, ila sarkoma imejificha kwenye msuli na mara nyingi inakipita. Uhakika unapatikana kizazi kikishatoka na kupimwa maabara.

Sasa fikiria tundu la sentimita moja na kizazi cha miezi minne. Kinatokaje? Huko Marekani kwa miaka mingi walitumia mashine yenye kisu kinachozunguka, inakisaga vipande na kuvivuta nje. Kama ndani mlikuwa na sarkoma iliyokuwa imetulia mahali pamoja, chembe zake zinatapakaa tumbo zima. Ugonjwa wa hatua ya kwanza unageuka kuwa uliosambaa, kwa mkono wa daktari mwenyewe.

Hilo lilimpata Dk. Amy Reed, daktari wa usingizi wa Boston, mama wa watoto sita. Alifanyiwa upasuaji huo Oktoba 2013 akiwa na miaka 40, majibu ya maabara yakarudi ni leiomayosakoma, aina ya hiyo sarkoma. Yeye na mumewe, Hooman Noorchashm, ambaye ni daktari wa upasuaji wa moyo, walipiga kelele mpaka serikali ikasikia. Aprili 2014 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari: kwa makadirio yao, mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji kwa ajili ya mayoma ana sarkoma isiyojulikana. Mwaka huohuo kampuni ya Johnson & Johnson waliondoa mashine zao sokoni. Dk. Reed alifariki Mei 2017. Hicho kifuko kwenye fomu yako kimetokana na jitihada za mama huyo. Mwaka 2020 FDA ilisema mashine ikitumika iwe ndani ya kifuko maalumu tu, na isitumike kabisa kwa waliokoma hedhi au waliovuka miaka 50. Wewe wa 48 uko mlangoni.

Kwa hiyo idadi ya matundu isikuumize kichwa. Muulize daktari kizazi kitatokaje: kizima au vipande?

Baraka_KCMC_zamani:
Nesi kasema kweli, ila tusimtishe dada yetu. Hiyo 1 kati ya 350 ilipingwa sana na madaktari wa akina mama, na chambuzi nyingine zilizofuata zimetoa makadirio madogo zaidi. Na kupasuliwa tumbo si mchezo: damu kuganda kwenye miguu na mapafu, kidonda kupata maambukizi, hayo yanatokea zaidi kwenye mkato mkubwa. Naogopa mtu akimbie hatari ndogo aangukie nyingine.

Nesi_wa_Zamu:
Nakubali, Baraka, na ndiyo maana sijamwambia akatae matundu. Kizazi kikitolewa chote pamoja na shingo yake, kinaweza kupitishwa kizima kwa njia ya uke. Wengine wanaongeza mkato mfupi chini ya tumbo. Lakini sarkoma ikisagwa mara moja hairudishiki, na umri ukisonga uwezekano wake unapanda. Mtu wa miaka 30 ningemjibu vingine.

Rehema_MSA:
Dadangu, na ile njia ya kuziba mishipa ya damu ili uvimbe usinyae? Jirani yangu hapa Mombasa alifanyiwa Nairobi, akapona.

Nesi_wa_Zamu:
Ni njia halali, Rehema. Ila uvimbe unabaki ndani, hakuna nyama ya kupeleka maabara. Kwa mwenye wasiwasi wa saratani, hilo mimi lingeninyima amani.

MamaWawili_Houston:
Asanteni sana, nimesoma nikalia, halafu nikasoma tena. Kinachonivuta ni zile wiki mbili. Nikikaa wiki sita bila mshahara sijui ada itatoka wapi.

Nesi_wa_Zamu:
Mdogo wangu, kazi yako ni kuinua watu. Ukitolewa kizazi, hata kwa matundu, mshono wa ndani unahitaji muda, na wengi wanakatazwa kuinua vizito kama wiki sita. Wiki mbili ni za mtu wa mezani. Muulize daktari akuandikie ukomo wa kilo, na kazini uliza likizo ya FMLA, ile ya sheria ya Marekani kwa ugonjwa na familia: hailipwi, lakini ukitimiza masharti inakulindia nafasi yako hadi wiki 12. Na hiyo damu 7 ipandishwe kwanza, usiingie chumba cha upasuaji hivyo.

Kipepeo77:
Ada ya muhula huu niandikie pembeni, tuone. Usibebe peke yako.

MamaWawili_Houston:
Narudi. Jana nilikwenda na karatasi ya maswali, na binti yangu kama shahidi. Safari hii daktari alikaa. Wiki ijayo naanza madini ya chuma ya dripu, Alhamisi nina MRI, na watachukua kinyama cha ndani. Kuhusu wiki mbili alikiri hakujua kazi yangu ni ya kuinua wazee, akaandika sita.

Nikamuuliza kitatokaje. Akasema atajaribu kukipitisha chini kizima, kikigoma atakikata kwenye kifuko. Nikamwambia hapana, kikigoma nipasue tumbo. Alikata ile sentensi kwa kalamu, akaandika mpya pembeni. Nimeisoma mara mbili, binti akaisoma, ndipo nikasaini.