Ulinganisho: namba ya H, nyekundu ya 07 au ya kawaida kwa BMW R 60/5 ya 1972 (Ujerumani)

Chuma_Hamburg

Wakuu, salaam. Nimenunua BMW R 60/5 ya mwaka 1972 kwa mzee mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Hamburg. Ni ile ya silinda mbili zilizotokeza ubavuni, cc 599, tanki dogo la lita 17 lenye vibao vya kromu pembeni. Ilifutiwa usajili 2011 na tangu hapo imekaa chini ya turubai. Kadi ya umiliki ninayo, na karatasi ya kufutiwa usajili pia. Kabureta nimesafisha, matairi na betri nimeweka mapya, inawaka.

Kilichobaki ni namba na bima. Naona njia tatu: namba ya H ya magari ya kihistoria, namba nyekundu inayoanza na 07, au namba ya kawaida tu. Kila ninayemuuliza ananiambia "weka H, ndiyo rahisi". Matumizi yangu ni Aprili mpaka Oktoba, wikendi zaidi, na siku za jua niende nayo kazini. Inalala kwenye gereji ya chini ya jengo, tunayoitumia wapangaji wengi, kwa hiyo wizi ndio unaoninyima usingizi. Wenye uzoefu nisaidieni, na hesabu zikiwepo nitashukuru zaidi.

BintiPangani

Hongera kaka! H moja kwa moja, usijiulize mara mbili. Mume wangu ana Mercedes ya petroli ya 1983, cc 2000, haina katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi wa ekzosi. Kwa namba ya kawaida kodi ingekuwa euro 507 kwa mwaka. Kwa H analipa 191 na senti kadhaa. Na anaingia katikati ya miji yenye zoni za hewa safi bila kile kibandiko cha kiwango cha moshi. Chombo chako kimeshapita miaka 30, unangoja nini?

Mzee_Kabureta

Binti, hesabu yako ni sahihi, ila ni ya gari. Pikipiki ina hesabu yake, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza.

Pikipiki ya kawaida inatozwa euro 1.84 kwa kila cc 25, na kipande kinahesabiwa kama kizima. Cc 599 ni vipande 24, yaani euro 44.16 kwa mwaka. Pikipiki ya H inalipa euro 46.02, iwe kubwa au ndogo. Kwa hiyo R 60/5 ikivaa H inalipa ZAIDI. Ni kama euro mbili tu, haitakufilisi, lakini hiyo "rahisi" unayoambiwa haipo. Kwa R 50/5 ya cc 498 ni mbaya zaidi, maana kawaida ni 36.80. Mpaka ni cc 625: hapo kawaida ni 46.00 kamili na H ni 46.02. R 75/5 yenye cc 745 ingelipa 55.20, kwa hiyo hapo H inaokoa euro tisa. Mwenye R 100 ndiye anayepata nafuu ya maana, 73.60 dhidi ya 46.02.

Zoni za hewa safi nazo hazikuhusu. Vyombo vya magurudumu mawili havidaiwi kibandiko, viwe na H visiwe nayo. Sifa yote ya H tangu ilipoanza 1997 imejengwa na wenye magari.

Chuma_Hamburg

Shikamoo mzee. Kumbe! Sasa kama kodi haina tofauti, H ina faida gani kwangu?

Mzee_Kabureta

Marahaba. Faida ipo, ila haiko kwenye kodi. Kwanza ukiuza, mnunuzi akiona H anajua mtaalamu ameshakipitia chombo na kukikuta katika hali ya asili. Pili, baadhi ya bima zinakipokea bila maswali mengi. Tatu, tuseme ukweli, watu wanaipenda ile herufi. Mimi sioni aibu kusema nami naipenda.

Gharama yake ni ukaguzi. Mbali na ule wa usalama wa kila miaka miwili ambao kila pikipiki inafanyiwa, unatakiwa kupata ripoti ya kuthibitisha kuwa chombo ni cha kihistoria. Mashirika ya ukaguzi TÜV, DEKRA, GTÜ na KÜS yote yanaifanya. Piga simu sehemu mbili tatu uulize bei, na omba kaguzi zote mbili kwa siku moja.

Mkaguzi anatazama hivi: fremu na injini ziwe za aina ile ile, ekzosi iwe ya asili au ya mfano wa asili, kutu isiwe imetafuna, rangi isiwe ya kubabaisha. Uzee wa kawaida si dhambi, kromu iliyofifia inapita. Anachokataa ni vitu vya kisasa visivyo vya enzi zake. Kama yule mzee alifunga indiketa ndogo za LED au kioo cha spidi cha dijitali, vitoe kabla hujaenda. Mabadiliko ya zamani yanaruhusiwa, hasa yaliyofanyika au ambayo yangeweza kufanyika ndani ya miaka 10 ya kwanza ya chombo. Nina rafiki aliyefunga breki ya diski ya mbele kutoka kwenye BMW ya /6 ya cc kubwa, modeli iliyofuata /5 na kutoka 1973, akapita, kwa sababu ni ya enzi ile ile na iliandikwa kwenye kadi.

Sheba_Motors

Mbona hamumwambii habari ya 07? Mimi ninazo nne gereji: MZ mbili, BMW moja na Zündapp. Namba moja nyekundu, naihamisha kutoka moja kwenda nyingine. Kodi ni 46.02 kwa zote pamoja maadamu ni pikipiki tupu. Ukiingiza gari humo inapanda 191.73. Na ule ukaguzi wa kila miaka miwili haunihusu.

BintiPangani

Ala! Nne kwa 46? Basi nafuta kauli yangu.

Mzee_Kabureta

Usifute bado. Sheba amekupa utamu akaacha mifupa. Namba ya 07 inaruhusu kwenda kwenye maonyesho na mikusanyiko ya vyombo vya zamani na kurudi, kujaribu chombo, kukipeleka kwa fundi. Kwenda kazini, hapana. Kwenda kununua mkate, hapana. Kila safari inaandikwa kwenye daftari: tarehe, njia, chombo gani. Ofisi ya usajili kabla ya kukupa inataka cheti cha tabia njema na inatazama pointi zako za makosa ya barabarani. Ukivuka mpaka, si kila nchi inaitambua. Na kutokuwa na ukaguzi wa lazima si ruhusa ya kuendesha mkweche. Ikifeli breki, wa kujibu ni wewe.

Chuma kasema anataka kwenda nayo kazini. Kwake 07 imekufa hapo hapo.

Sheba_Motors

Sikatai, mzee. Daftari ndilo linalochosha. Ila mwenye vyombo vingi asiyesafiri sana hana njia bora kuliko hii. Kwa chombo kimoja haina maana.

Mjukuu_wa_Ngong

Wazee, niko Nairobi, nauliza tu. Huku za zamani tunaziona zimesuguliwa vizuri kwenye Concours, yale mashindano ya vyombo vilivyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, kisha zinarudi kujifungia. Hiyo H nayo ni ya maonyesho tu ama unaeza kuendesha kila siku?

Mzee_Kabureta

Kila siku, mjukuu, hata usiku wa manane kwenye mvua. Sheria haimwekei mwenye H mipaka ya matumizi. Mipaka inatoka kwa kampuni ya bima. Dada_Wakala yuko wapi? Hii ni kazi yake.

Dada_Wakala

Nipo, nilikuwa na wateja. Nauza bima Stuttgart, mwaka wa kumi na kitu sasa, na kila msimu wa kuchipua napokea swali hili. Kaka Chuma, tenganisha mambo mawili: namba ni ya ofisi ya usajili, bima ni mkataba wako na kampuni. Watu wanadhani lazima uwe na H ndipo upate bima ya vyombo vya zamani. Si kweli. Kampuni nyingi zinapokea pikipiki ya miaka 30 yenye namba ya kawaida kabisa kwenye mpango huo huo. Wanachojali ni chombo, mahali kinapolala, na anayekiendesha.

Masharti ya kawaida ni haya: uwe na chombo kingine cha kila siku kwa jina lako au la mwenzi wako, uwe umeshapita umri fulani, kilometa za mwaka ziwe na kikomo, na kilale mahali pa kufungwa. Hapa nakuomba usome kwa makini, kwa sababu wewe una mambo mawili ya hatari.

La kwanza ni kazini. Mipango mingi ya vyombo vya zamani inakataza safari za kazini. Mingine inaruhusu mara moja moja. Lisemwe kwa maandishi kabla ya kusaini. Mkataba ukikataza, nawe ukagongwa saa moja na nusu asubuhi ukiwa na mkoba mgongoni, wataanza kuuliza maswali.

La pili ni gereji ya pamoja. Fomu inauliza kama ni gereji yako peke yako au ya wengi. Usiandike "gereji" tu ukaishia hapo. Andika ukweli, piga picha ya nguzo na mnyororo utakaofungia, watumie.

Sasa aina za bima. Ile ya lazima inalipa wengine uliowaumiza, basi. Kwa wizi unahitaji ile ya kati, Teilkasko: inalipa wizi, moto, dhoruba, mvua ya mawe, na ukigongana na mnyama. Bima kubwa, Vollkasko, inaongeza hasara uliyojisababishia mwenyewe na ya wahuni. Kwa R 60/5 inayolala gereji ya watu wengi, mimi nisingeshuka chini ya ile ya kati.

Halafu thamani. Kwa bima ya kawaida, pikipiki ya zaidi ya miaka 50 kwenye jedwali ni kama chuma chakavu, na unaweza kubishana miezi. Mpango wa vyombo vya zamani unaanza na thamani mliyokubaliana. Unapeleka ripoti fupi ya mthamini yenye picha na alama ya hali, kuanzia 1 mpaka 5: 1 ni kama imetoka kiwandani leo, 5 ni mabaki. Yako kwa maelezo yako nadhani itacheza kwenye 3. Weka risiti zote, hata ya matairi. Na uthaminishe upya kila baada ya miaka michache. Nimeona mtu analipwa bei ya zamani wakati soko lilishapanda zamani.

Kitu kimoja wenye bima ya kawaida ya muda mrefu wasisahau: mipango hii kwa kawaida ni ya bei moja, haina ngazi za kupunguziwa kwa kutopata ajali. Kwa hiyo miaka yako ya kuendesha salama huku haikuongezei kitu kwa gari lako la kila siku.

Chuma_Hamburg

Dada, ubarikiwe. Gari la kila siku ninalo, Golf kwa jina langu. Safari za kazini nitauliza kwa barua pepe ili jibu liwe na maandishi. Na namba ya msimu je? Miezi ya baridi sitaendesha kabisa.

Dada_Wakala

Hiyo ndiyo ningekupa. Msimu unachagua mwenyewe, kuanzia miezi 2 mpaka 11, na kodi na bima unalipa za miezi hiyo tu. Aprili mpaka Oktoba, kodi yako inashuka mpaka kama euro 26 kwa namba ya kawaida. Tangu 2017 hata H inaunganishwa na msimu, nayo ingekuwa kama 27. Nje ya msimu wizi unaendelea kulindwa ikiwa imelala gereji au ndani ya uzio, lakini hairuhusiwi kugusa barabara ya umma, hata kuegeshwa mbele ya nyumba.

Ukinipigia mimi au wakala mwingine, sema mapema kama ni H, msimu, au vyote viwili, kwa sababu ile eVB, namba ya uthibitisho wa bima yenye jumla ya herufi na tarakimu saba, inatolewa kulingana na hilo. Ikitolewa vibaya, dirishani watakurudisha.

Ami_wa_Leicester

Assalaam alaykum jamaa wa bara. Nawasoma nacheka kidogo. Huku Uingereza chombo kikishapita miaka 40 na ukakihamishia daraja la kihistoria pale posta, kodi ni pauni sifuri, na ukaguzi wa MOT hautakiwi ikiwa hakijabadilishwa sana. Triumph yangu ya 1969 nimeivalisha pleti nyeusi ya maandishi ya fedha, ambayo inaruhusiwa kwa vilivyotengenezwa kabla ya 1980. Lakini kila mwaka lazima uombe hiyo kodi ya sifuri. Usipoomba ni faini, utadhani ulikuwa unadaiwa.

Kwa bima ni yale yale ya dada: thamani mliyokubaliana, kilometa chache, picha nyingi.

Mzee_Kabureta

Wa alaykum salaam. Sifuri haina mjadala, ami. Ila bila ukaguzi ningelala macho wazi. Breki za ngoma za enzi zile zinataka jicho la pili.

Chuma_Hamburg

Basi nimeamua: namba ya kawaida ya msimu, 04 mpaka 10, na bima ya vyombo vya zamani yenye ile ya kati, kama watakubali safari za kazini. H nitaifikiria nikishapata indiketa za asili, maana mzee kweli alifunga za LED. Swali la mwisho: ukaguzi wa miaka miwili ukiangukia Januari, wakati pikipiki haitakiwi barabarani?

Mzee_Kabureta

Unaupeleka mwezi wa kwanza wa msimu, kwako Aprili. Hakuna faini. Ila mwezi huo wote wenye pikipiki za msimu wanajazana huko, kwa hiyo weka miadi mapema, Machi hivi.